Kuita Shaba Ikifika Juu

Mtanisamehe, mwandiko wangu umelala upande kama mahindi baada ya mvua kubwa, na pengine maneno mengine nimeyakosea. Niliishia darasa la nane, na huandika polepole. Lakini Fundi Mkuu amestaafu, karakana imefungwa, na nyinyi mnaotafuta kazi leo hamtaiona ile yetu. Afadhali niiandike.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya Majengo, Meru mjini, nikasimama mlangoni bila neno. Fundi Mkuu akaniuliza, "Wewe ni mteja au ni mlango?" Nikasema natafuta kazi. Hakusikia. Nikarudia. Akanipa msasa na taa ya shaba. "Sugua. Hiyo haihitaji mdomo."

Tulitengeneza taa za ibada na sanamu za miungu kwa familia za Kihindi za Meru, Nkubu na Embu. Fundi Mkuu ni Mmeru. Kazi alifunzwa Nairobi na fundi Mhindi. Tulitumia shaba nyekundu iliyochanganywa na bati kidogo ili iwe ngumu. Kwanza sanamu huchongwa kwa nta ya nyuki, ambayo tuliinunua kwa warina asali wa Mbeere. Nta hufunikwa kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka. Udongo ukikauka huchomwa, nta inayeyuka na kutoka, ndani inabaki nafasi yenye umbo lile lile. Udongo huo ndio kalibu. Shaba huingia kwa tundu moja, hewa hutokea kwa tundu lingine.

Kutoka msasa nilipandishwa kwenye nta, kisha kwenye mvukuto wa kupulizia moto. Kazi niliyoiogopa ni ya mwitaji. Wawili wanaoshika koleo lenye chungu cha shaba iliyoyeyuka hutazama tundu la kumiminia tu. Mwitaji hutazama tundu la hewa, na akiona shaba imechungulia, huita, "Imefika!" Akichelewa, shaba humwagika. Akiwahi, kitu hutoka pungufu.

Mwitaji wetu alipoacha kazi, nikawekwa mimi. Mara ya kwanza tulimimina taa. Shaba ilichungulia, nami nikainua mkono badala ya kuita. Ilimwagika mchangani mpaka Kirimi, aliyeshika koleo upande wa pili, akaruka.

"Huyu akiumwa na siafu," alisema, "atainua mkono kwanza aombe ruhusa ya kulia."

Fundi Mkuu hakucheka. "Kanana, macho yangu mawili yote yako kwenye koleo. Jicho langu la tatu ni mdomo wako."

Kisha akaja Mama Vitambaa, mjane mwenye duka la nguo Nkubu. Alifungua kitambaa chekundu, ndani mna sanamu ya Lakshmi, mungu wao wa kike, ameketi juu ya ua, mkono mmoja umevunjika.

"Iliyovunjika hatuiweki tena mahali pa ibada," alisema. "Kuhani wetu ameshaiaga. Yeyusha, unitolee mpya. Lakini shaba ni hii hii, Fundi. Usiongeze hata kipande cha bomba kuukuu."

"Mama, mfereji wa kumiminia nao hula shaba. Itakuwa fupi kidogo."

"Fupi sawa. Ya kuokoteza hapana. Mama mkwe wangu aliiosha hii kila asubuhi mpaka akafa."

Alipoondoka, Fundi Mkuu akatuambia, "Ikiharibika, moto wa pili utakula nyingine, na haitatosha. Tunamimina mara moja."

Siku ya kumimina Mama Vitambaa aliketi mlangoni, taa yake ndogo mapajani, haijawashwa. Kalibu ilikuwa imesimamishwa kichwa chini, ili uso upate shaba safi. Ua ndilo la mwisho kujaa. Nilipiga magoti kwenye moshi. Wakaanza kumimina.

"Imefika?" Kirimi akauliza.

Tunduni mlikuwa na giza tupu. Nilitikisa kichwa tu, na wao hawakuwa wakiniangalia.

"Kanana!" Fundi Mkuu aliita, na nikaona koleo linaanza kuinuka. Alidhani imejaa.

"Bado!" nilipiga kelele. "Bado! Mimina! Bado!" Kisha duara jekundu likapanda. "Imefika!"

Mwenye bucha jirani akatoka na kisu mkononi. "Nini imefika?"

Tulipovunja udongo, ua lilitoka zima, petali zote, na mikono yote ya Lakshmi ipo. Nikakaa mchangani. Mama Vitambaa aligusa vidole vya sanamu, akatia samli katika taa yake, akaiwasha pale pale.

"Binti yangu, sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

"Alikuwa anaiwekea wageni, Mama," Kirimi akasema.

Fundi Mkuu mgongo wake umechoka, amerudi kwao kulima kahawa. Mimi nauza viazi soko la Muthara, na nikiita wateja husikika mpaka barabarani. Kifua kimepona moshi, na nalala vizuri. Ila nikimpita mtu anayechoma matofali bado mimi huinama kutazama tundu.

Kama kwenu kuna wanaomimina shaba, niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Mniambie anayeita ni nani, na huita neno gani.