Beseni la Mama Jepchumba

Mimi Gideon ni mtu wa hasira za haraka, mke wangu atakuambia. Niliposikia mtu amechoma mahindi ya Mama Jepchumba, damu ilichemka. Mjane wa watu! Alikuwa ameyakata na kuyasimamisha shambani yakauke, kule njia ya Moiben. Kulipopambazuka, ekari mbili zilikuwa majivu.

Huyu mama ndiye hucheka kanisani kabla hata pasta hajamaliza kichekesho. Sasa Jumapili tatu hakuonekana. Nilipomwendea akaniuliza, "Mzee Gideon, nimemwomba Mungu tangu nikiwa msichana. Siku hiyo alikuwa wapi?" Niliogopa, nakwambia. Mama Jepchumba akiacha imani, mimi ni nani nibaki?

Jumapili ya mavuno kila mtu huleta madhabahuni alichovuna, na baada ya ibada mimi ndiye hunadi: kuku, kabichi, maziwa. Mara Mama Jepchumba akaingia, beseni kichwani! Akalitua mbele, akasema kwa sauti, "Bwana, haya ndiyo mavuno yangu mwaka huu. Tazama." Lilijaa mahindi yaliyoungua, meusi tititi. Watu wakainama.

Kwenye mnada, vitu vyote vikaisha, likabaki lile beseni. Mdomo wangu nao hauna breki. "Haya, mahindi choma! Yako tayari, hata makaa hutahitaji!" Lo! Mke wangu alinikata jicho, nikatamani ardhi inimeze.

Lakini Mama Jepchumba aliangua kicheko mpaka kilemba kikamwanguka. Kanisa zima likacheka naye, wengine huku wakilia.

Kipkorir mwenye trekta akasimama. "Natoa kulima ekari zote mbili!"

"Mbegu ni mimi!" mwingine akadakia.

Hata Halima, Mwislamu mwenye duka hapo nje, aliyekuja kununua kuku, akapaza sauti, "Unga wa watoto wake mpaka mavuno, andika mimi!"

Pasta akamwomba Mama Jepchumba aseme neno. Akajifunga kilemba upya.

"Nilikuja kugombana na Yesu," akasema. "Nikakumbuka hata yeye walimmaliza Ijumaa, wakaenda nyumbani wakidhani kazi imeisha. Basi aliyenichomea mahindi, kama yuko humu ndani, asikie: Machi tunapanda. Aje na jembe, nitampikia."