Pampu Iliyokunywa Chemchemi

Mtu akiniambia Ukambani hakuna maji, hunipanda hasira. Maji yapo! Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mimi nilishinda mchana kutwa nikiyamwaga.

Kampuni fulani ilikuwa inachimba handaki kupitia mlima wetu, nyuma ya Mumbuni, ili bomba la maji lifike mjini Machakos. Mimi nilikuwa mtu wa pampu. Kila walipolipua mwamba, maji yalifoka kutoka kwenye nyufa, nami nikayavuta na kuyatupa korongoni. Tukiziba ufa huu kwa saruji, yanatokea pale. Yalitusumbua hadi basi, na msimamizi akatutukana sisi badala ya kuutukana mlima.

Wakati huohuo chemchemi ya kule juu nyumbani ikaanza kupungua. Maji hayo ndiyo yaliyotulea. Mama na wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, ndio walioijengea ukuta. Ilipokauka kabisa walifanya walichozoea: wakaitana, wakaja na majembe na nyimbo, wakachimba wakidhani imezibwa na matope.

"Mama, msijichoshe bure," nikamwambia. "Hayo maji tunayavuta sisi kule chini."

"Kwani maji ya huku juu imekuja kwenu na miguu?"

Wakanicheka wote. Nikakasirika mpaka nikashindwa kueleza. Nikamwendea msimamizi, naye akasema tukishamaliza kuutoboa mlima maji yatarudi yenyewe. Yarudi vipi, jamani? Yapande ngazi?

Siku chache baadaye mama akaja handakini na punda wake na mitungi. Pale bomba langu lilipokuwa likimwaga, akakinga kiganja, akaonja. Akaonja tena.

"Hii ni maji yetu."

"Ndiyo, mama."

"Na ni wewe unamwaga."

Akaonyesha pampu kwa kidole.

"Zima hiyo kitu."

Mungu anajua nilitaka kuizima. Lakini ndani ya mlima kulikuwa na zamu nzima ya vijana, wengine wana wa akina mama walewale wa majembe, na pampu ikinyamaza tu, maji yanawafika kifuani. Nikamweleza hayo kwa kupiga kelele, maana mashine ilikuwa inanguruma. Sijui kama alinisikia. Alisimama pale, mkono ukimchuruzika maji, akiningoja nizime.