Kastadi ya Kibuyu

Baba mdogo alifika kutoka Nkoma asubuhi ya harusi niliyoalikwa kuipikia, kamba mpya imezungushwa kwenye keria ya baiskeli yake. Nilijua ni ya kufungia mizigo ya wadogo zangu wawili. Wazazi walipofariki niliacha shule ili niwalee, lakini sasa ukoo ulitaka wakachunge ng'ombe kwake.

"Subiri jioni, baba," nikamwomba. "Leo napika vitafunwa vya harusi hapa Somanda. Watu wakivikataa, uwachukue watoto."

"Vimkate vya Kizungu!" akacheka. "Nani atashiba?"

Nilifundishwa na sista mmoja Mfaransa niliyemfanyia kazi jikoni, kule misheni: kikombe kinacholiwa, cha unga na siagi, ndani kastadi ya maziwa na mayai, juu matunda. Zamani ngano na sukari tulizipangia foleni. Sasa maduka ya Bariadi yalikuwa yamejaa. Niliokea kwenye sufuria yenye mchanga, makaa juu ya mfuniko. Siagi niliiweka ndani ya mtungi wa maji isiyeyuke.

Siku hiyo mdogo wangu alileta maziwa ya jirani kwenye kibuyu kilichotoka kufukizwa moshi. Nilionja kastadi. Ilikuwa moshi mtupu, na mayai yameisha. Nikapanga papai juu, nikapeleka hivyo hivyo.

Mama wa bibi harusi akauma kimoja, kisha akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, maziwa haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye kibuyu, mama. Unisamehe huo moshi."

"Nikusamehe nini? Nilidhani utatulisha ya kopo! Haya ni ya kwetu." Akawageukia wenzake. "Njooni muonje, ng'ombe wetu kavaa suti!"

Sinia zikaisha kabla ya pilau. Wanawake wakanizunguka kuagiza, huyu ana ubatizo, yule anaoza mwakani. Baba mdogo nilimkuta pembeni, kastadi kwenye masharubu.

"Baba, si ulisema havishibishi?" mdogo wangu akamtania.

"Nyamaza. Bado nahakikisha."

Jioni, nyumbani, akaifungua kamba. Wadogo zangu wakajibanza nyuma yangu.

"Vile vimkate vilivyovunjika kingo umeviweka wapi?" akaniuliza. "Mama yenu mdogo hajaonja."

Nikaleta boksi. Akalifunga kwenye keria taratibu, kama mtu anayebeba mayai.

"Na watoto, baba?"

"Waende shule. Unawaweza."

Akapanda baiskeli, akaondoka na vimkate vyangu.