Nduma Nilizowapa Wakwe Zangu

Nyinyi mna mikasa ya kuvaa viatu visivyofanana siku ya harusi, na mnasimulia mkicheka, sasa wacha niwape wangu, ambao mke wangu amenikataza kuutaja watu wakiwa mezani: niliwalisha wakwe zangu nduma zilizomea kwa maji ya choo, nikazisifu kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nikawaongoza wote kwa miguu waende kuona shamba. Nina mvi kichwa kizima lakini nikikumbuka bado natafuta pa kuficha uso.

Wakati huo nilikuwa mtunzaji wa mabwawa ya maji machafu, yale madogo ng'ambo ya mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, ukishuka kuelekea mtoni. (Najua mnachotaka kusema, nilishasemwa vya kutosha, hata kwenye basi mtu alikuwa akijua kazi yangu anasogea dirishani.) Lakini mimi kazi ile niliipenda, na niliringa nayo. Maji ya vyoo na majiko ya mtaa mzima yalikuwa yanaingia bwawa la kwanza yakiwa meusi, yanapita la pili yakigeuka kijani, la tatu bata wanaogelea, na yakitoka la mwisho kwenda mtoni huwezi kuamini yalianzia wapi, jua limefanya kazi yake na muda umefanya yake. Na yangu mimi ilikuwa ukuta. Ukuta wa udongo unaozuia maji ya bwawa, mrefu kunishinda, na chini yake kuna mabanda ya mbao, kina mama wanaofua na shule ya chekechea. Ukuta ule ukienda, unawaendea wao. Kwa hiyo kila asubuhi nilivaa gambuti zangu, nikauzunguka, nikakata nyasi, nikaziba mashimo ya fuko, kisha nikaandika kwenye daftari la kazi: ukuta uko sawa.

Sasa, mwaka ule wa ukame, ule tuliokula ugali wa unga wa njano mpaka tukausahau mweupe, Nairobi yote ilikuwa imekauka, lakini chini ya ukuta wangu, upande wa nje, kulikuwa na kipande kidogo cha kijani chenye unyevu ambacho hakikauki hata iweje. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi, mtu wa mabwawa, niliyesimama na bwawa limejaa nyuma yangu na maji yakitokeza miguuni mwangu, nilimshukuru Mungu kwa kunifungulia chemchemi. Nikapanda nduma. Na kwenye daftari nikaendelea kuandika ukuta uko sawa.

Nduma zikashika, majani yakawa mapana kama sinia. Na nilikuwa na sababu ya kuzipanda, sababu yenyewe ikiitwa Njeri. Njeri alikuwa anashona yunifomu katika kiwanda kimoja pale Industrial Area, tulikuwa tumekubaliana, ila baba yake hakunitaka. Mzee Kamau hakujali kwamba mimi ni wa kutoka magharibi, hilo alisema haraka, alichouliza ni kwa nini binti yake akaishi kando ya mavi na mwanaume anayeyalinda. Baada ya kubembelezwa mwaka mzima alikubali kuja Jumamosi moja, aone ninapokaa, ndipo atoe neno lake la mwisho. Njeri aliniambia wazi kwamba akikataa safari hii, yeye hatabishana na baba yake tena.

Nikafagia chumba nilichopewa na kazi pale langoni, nikapiga chokaa, nikaazima viti kanisani. Na asubuhi ile ile nikaenda nikang'oa mashina manne ya nduma, makubwa hasa (shina la mwisho lilining'ang'ania mpaka nikaanguka matako), nikachemsha mpaka zikalainika. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza.

Walikuja sita, wamevaa za Jumapili: Mzee Kamau na koti lake, Njeri, tata yake Wambui ambaye ni dada ya mzee, na jamaa wengine watatu. Chai ikamiminwa, nduma zikaletwa. Jamani, Tata Wambui alikula kipande, akakitazama, akala cha pili, akasema tangu ukame uanze hajaonja nduma ya namna hii hata kwao Murang'a. Hata mzee alikula viwili bila kusema kitu, na kwa mzee yule kunyamaza ni sifa. Hapo kichwa kikanivimba. Badala ya kushukuru nikae, nikasema nimezilima mwenyewe, nina kashamba kangu hapa hapa, chemchemi haikauki.

Mzee akaweka kikombe chini. "Shamba lenye maji, mwaka huu?" akauliza. "Twende ukanionyeshe."

Nikasema kuna jua, viatu vitachafuka, labda siku nyingine, lakini alikuwa ameshasimama, na akisimama yeye wote wanasimama. Tukatoka kwa msafara, mimi mbele nikijitia tabasamu, Tata Wambui nyuma ameshika kipande cha nduma anatafuna njiani.

Tulipofika niliona kabla yao. Mahali nilipong'oa lile shina la mwisho palikuwa na shimo, na shimoni maji yalikuwa yanabubujika polepole, yanatiririka kuelekea mabanda, rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi hayakuwepo.

Mzee Kamau alitazama ukuta, akatazama nduma, akainama akachota yale maji kwa kiganja. Kumbe yule mzee, niliyedhani alichuma kahawa tu katika mashamba ya wazungu, alikuwa fundi wa mabwawa ya mashamba huko Thika, amejenga kuta za udongo nyingi na ameona mmoja ukipasuka.

"Maji safi yakivuja, unayachunga," akasema. "Haya yamebeba udongo. Ukuta unaliwa kutoka ndani."

Mtu akauliza maji yenyewe yametoka wapi. Wote waligeuka wakatazama juu ya ukuta, kisha wakanitazama mimi, na nikamwona Tata Wambui akifungua kiganja taratibu, kile kipande cha nduma kikaanguka. Alienda pembeni. Sitaeleza alichofanya huko, ila alikifanya kwa muda mrefu na kwa sauti.

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa haraka ya kuficha aibu nikashika shina jingine nililing'oe, na mzee akanipiga mkono kama mtoto, akaniambia nikilitoa nafungua shimo la pili, niache hivyo hivyo, nikimbie nikafungue maji yaende bwawa la chini ili hili lipungue uzito. Nilikimbia na shati langu jeupe nikazungusha gurudumu la chuma la kufungulia maji mpaka viganja vikachubuka. Niliporudi tayari amevua koti. Nilitaka kuziba shimo kwa udongo, akakataa, akasema ukiyaziba maji yatatafuta njia nyingine, yaache yatoke ila udongo ubaki: mchanga kwanza, kokoto juu yake, mawe juu ya kokoto. Rundo la mchanga, kokoto na mawe lilikuwepo, liliachwa na mafundi waliojenga mabwawa. Basi wakwe zangu, na nguo zao za Jumapili, wakabeba mchanga kwa magunia. Njeri alikuwa ametumwa mabandani kuwatoa watu na vitoto vyao, akarudi na kina mama wenye makarai, hata Tata Wambui akaja akibeba mawe huku ananilaani kwa Kikuyu, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshajifunza Kikuyu.

Jua lilikuwa bado liko juu wakati maji yalipoanza kutoka pale chini yakiwa meupe, bila udongo. Ukuta ulikuwa umesimama. Tulikaa kwenye nyasi, tumechafuka wote.

Mzee akaomba daftari la kazi. Nikamletea. Akafungua kurasa moja moja, akisoma kwa kidole, ukuta uko sawa, ukuta uko sawa, miezi na miezi, akanirudishia na kalamu. "Andika ya leo."

Nilijua msimamizi wangu atalisoma Jumatatu, na nikifukuzwa sina chumba, na bila kazi sina Njeri. Ningeweza kuandika tu kwamba ukuta umevuja, ningeweza kuwasingizia fuko. Nikaandika: Ukuta unavuja. Niliona unyevu tangu zamani nikapanda nduma badala ya kutoa habari. Leo nimeng'oa mashina manne, ukafunguka. Kosa ni langu.

Mzee alisoma, akasoma tena.

"Nilikuja kukunyima," akasema. "Mtu anayeandika hivi mbele ya wakwe, binti yangu akiwa kwake nitalala."

Njeri akalia. Mimi pia nililia, na sioni haya kulisema.

Jumatatu msimamizi alinifokea mpaka koo likamkauka, akanikata mshahara, lakini hakunifukuza, akasema angalau sasa kuna mtu mmoja pale anayejua maji yenye udongo ni nini. Ukuta ukachimbwa ukashindiliwa upya, na Mzee Kamau alikuja kila Jumamosi kusimama juu yake mikono nyuma, akiwaambia wapita njia kwamba ule ni ukuta wa mkwe wake.

Nduma sijapanda tena, hata kitunguu sijapanda mahali nisipojua maji yake. Tata Wambui naye, Mungu amlaze pema, mpaka mwisho hakuweka kitu mdomoni nyumbani kwetu kabla ya kuuliza kimelimwa wapi. Na asubuhi ya mwisho kabla ya kustaafu niliuzunguka ukuta ule kama kawaida, nikafungua daftari, nikaandika ukuta uko sawa, na magoti ya suruali yangu yalikuwa na matope, kwa sababu tangu siku ile sikuandika hivyo tena kabla ya kupiga magoti na kutazama.