Petroli Iliyochacha

Mnisaidie kucheka jamani, hapa nyumbani Mwiki nimekatazwa. 😂

Leo wakwe wametoka Thika kuja kumposa dada yangu, Wambo. Muratina waliyoleta, ile pombe ya asali, tukaiweka stoo, kando ya petroli ya jenereta. Mitungi miwili ya njano, pacha kabisa.

(Najua petroli ina mtungi wake mwekundu. Msinisomee.)

Stima ikapotea. Lazima!

Uncle akajaza jenereta. Ikakohoa, ikazima.

"Hii petroli mmeiweka mwaka mzima?" akafoka. "Imechacha!"

Nikainama kunusa.

Kwani petroli huwa na harufu ya asali?

Woi! Ule mtungi mwingine ulikuwa umeshafika kwa tent, na Wambo ameshika kikombe amiminiwe anywe, ndiyo ijulikane amekubali kuolewa.

Nilikimbia viatu mkononi: "Wambo usinywe! Hiyo ni petroli! Muratina tumeitia kwa jenereta!"

Tent yote ikanigeukia.

Babake bwana harusi, mzee mpole hajaongea tangu aingie, akaniangalia.

"Kwa hivyo mwenye amekunywa pombe yetu ni jenereta?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi amekubali. Mpakieni kwa gari, twende naye Thika."