Magurudumu ya Mkunga

Mkunga wetu ni mfupi wa kimo, si wa maneno. Kazini walimpa baiskeli ya umeme ya kupandia milima, na mara mbili ilimwangusha getini kwa sababu miguu yake haikufika chini.

“Baiskeli haina kosa, dada,” bwana stoo alimwambia akicheka. “Kosa ni kimo chako.”

Damu ikamchemka. Akaikokota hadi kwa shemeji yake, fundi baiskeli, naye akatoa magurudumu yale makubwa, akamfungia madogo. Pedali sasa hukwaruza mawe asipoangalia, lakini akisimama, nyayo zote mbili hukanyaga ardhi.

Bwana stoo akamletea barua: ameharibu mali ya kazi.

“Nilipoanguka hukuandika hata mstari!” mkunga alifoka. Akamrudishia barua yake, akapanda, akaenda kuzalisha.