Kinanda juu, mie chini

Leo nimeimba peke yangu kanisani na sasa hivi natibiwa mafua ambayo sina.

Mpiga kinanda wetu hapa Mbagala anajuaga kii moja tu, yaani ngazi moja ya sauti. Wimbo ukitaka kii nyingine anabonyeza kitufe, kinanda kinapanda chenyewe, vidole vyake vinabaki palepale.

Jana kapiga harusini, kakipandisha, kakiacha hivyohivyo.

Leo nikaanza ubeti bila kinanda, kwa sauti ileile ya mazoezini, vizuri kabisa. Kwenye kiitikio akaingia.

Jamani.

Kinanda juu, mie chini kidogo, ile kidogo inayokera hadi kwenye meno. Nikajaribu kukifuata nikashindwa, na chenyewe hakimfuati mtu.

Akaacha kupiga, akashika maiki. "Tumwombee dada yetu, koo linamsumbua."

Kanisa zima: "Amina."

Ibada ilipoisha nikamwonyesha kitufe. "Ah, kumbe," akasema. "Ila na wewe ungesikilizia."

Yaani huyu mtu ananitia hasira. Nyie wenye kwaya, mngemfanyaje?

Maana mama mkwe alitoka Chanika kuja kunisikia kwa mara ya kwanza. Yuko jikoni kwangu anachemsha tangawizi.

Nimemwambia siumwi, ni kinanda.

Kanitazama kwa huruma. "Kunywa, mwanangu. Kinanda hakina koo."